Kinoo cha Kaburi la Mama

Siku Abdinoor alipokuja kuniambia nijiandae kwenda El Gudud kumtambua mama yangu, alinikuta nanoa kisu. Sikuacha. Mama yangu alikufa mimi nikiwa bado na meno ya utoto, na maisha yangu yote hakuna mtu aliyenionyesha mahali alipolala. Sasa mtoto wa marehemu kaka yangu amekaa kwenye mkeka wangu hapa Garissa, shati limenyooshwa kwa pasi, simu mbili mapajani, ananiambia kaburi linajulikana.

"Eddo, kila mtu analijua," akasema. Eddo ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. "Lile rundo la mawe upande wa chini wa kisima. Mimi nimeenda pale na baba tangu mdogo."

"Kwenda kwako na baba yako ndiko kulikomzika mama yangu pale?"

"Haye. Umeanza."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Akacheka kwa sababu ananijua, kisha akanieleza. Kampuni moja ya saruji ilitaka kuchimba mwamba wa tope ulioko El Gudud, kule juu Mandera, na watu wetu walikuwa wanavutana na watu wa Mzee Olow juu ya nani mwenyewe wa eneo. Kamati ya ardhi ikasema wenye wafu wa zamani pale ndio watakaosikilizwa kwanza. Sisi tulikuwa na mfu mmoja, naye ni mama yangu. Na kwa vile kaburi lilikuwa katikati ya sehemu ya kuchimbwa, mifupa ingeletwa Garissa izikwe upya, iwekewe jiwe lenye jina lake. Sheikh alikuwa ameshaulizwa, amesema dharura ni dharura. Mtoto wake aliye hai ni mimi peke yangu. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya baraza na kusema: huyu ni mama yangu.

"Atakuwa karibu nawe, Eddo. Utamzuru kwa bajaji."

Nilijaribu kisu kwa kidole gumba. Kilikuwa tayari, lakini niliendelea kunoa.

Nitasema jambo lililonizuia kukubali, ili msomaji asidhani ni ukaidi wa bibi mzee tu. Jina la mtu likishawekwa juu ya mifupa, basi. Hakuna atakayemtafuta tena. Kama mle ndani kuna mgeni, huyo mgeni ataitwa mama yangu mpaka Kiyama, na mama yangu atabaki popote alipo bila mtu wa kumuuliza. Mimi nimetembea Wajir, Liboi, Hulugho, Moyale na ng'ambo ya mpaka pia, nikiuza maziwa ya ngamia, chai, mbuzi, chochote, na kila nilipopita rundo la mawe ya zamani nilisimama. Watu waliniita mzururaji. Sawa. Lakini nilijua ninachotafuta.

"Baba yako hakuwahi kuniambia mimi kwamba mama yuko El Gudud," nilimwambia Abdinoor.

"Pengine hukuuliza. Hukuwa unakaa mahali."

"Nilimuuliza mpaka akanichoka."

"Eddo, kamati inakaa baada ya Idi. Wewe njoo tu, ujifunike uso, useme hilo neno moja, ukae. Mengine nitaongea mimi."

Alipoondoka niligeuza kinoo changu mkononi. Kinoo ni jiwe la kunolea, na hiki changu ni cheusi chenye ukijani, kimebonyea katikati kwa miaka ya visu. Kukilowesha ni kusikia harufu ya vumbi linapopata mvua ya kwanza. Nilipewa na baba. Mwaka ule wa ukame mama alipokufa njiani, baba na ami yangu walichimba kaburi, wakatoboa ubavuni mwanandani wa kumlaza, wakatafuta mawe bapa pale pale mlimani ya kumzibia. Jiwe moja lilikuwa refu. Baba aliligonga kwa kisogo cha shoka, pembe ikaruka. Pembe hiyo ndiyo kinoo changu. "Hii ilikatwa kwenye jiwe linalomfunika mama yako," aliniambia siku aliponipa, nikiwa msichana. "Usiitupe." Mlima gani, hakusema, na mimi nilikuwa mdogo mno kukumbuka. Nilipopata akili ya kumuuliza, alikuwa ameshaanza kuchanganya malisho ya mwaka huu na ya mwaka ule.

El Gudud maana yake kisima chekundu, na mawe ya juu pale ni mekundu kweli. Kinoo changu si chekundu. Lakini huo haukuwa ushahidi, maana waliochimba kisima walitoa mawe ya kijani kutoka chini. Jicho langu peke yake lisingetosha. Nikafunga kinoo kwenye pindo la garbasaar, ule mtandio wetu mkubwa, nikaenda kwa kina Bilan.

Bilan ni binti wa hapa hapa Garissa, baba yake alikuwa dalali wa ng'ombe sokoni. Siku hizi anafundisha elimu ya miamba chuo kikuu huko Nairobi. Nilikutana naye barabara ya Rhamu, lori la vitunguu nililopanda limekufa ekseli, naye yuko jua kali anagonga mawe kwa nyundo. Nilidhani amerukwa na akili. Msimu ule wote nikawapikia yeye na wenzake, na bado nilikuwa sijaacha kudhani hivyo. Alikuwa amekuja kumwona mama yake kwa ajili ya Idi.

"Ayeyo Weris!" akapiga kelele mlangoni. Ayeyo ni bibi. "Bado hujafa?"

"Nimekataa."

Tukiwa tunakunywa chai nilimwekea kinoo mbele yake na kumweleza habari yote. Alikiangalia kwa kile kioo chake kidogo cha kukuzia, akakilamba pembeni, akatafuna kidogo kwa meno ya mbele.

"Unamla mama yangu?"

"Naonja kama kuna mchanga. Hakuna. Hili ni jiwe la tope tupu."

"Na ile minyundo yote ya Rhamu, ndiyo kazi ya kuonja tope?"

Shule yangu mimi ni ya vipande: chuo cha Kurani hapa, ngumbaru pale, mengine kwenye magazeti yaliyofungiwa sukari. Nikamwambia anieleze kama anavyomweleza mchunga mbuzi.

"Tope hili lilikuwa mlima," akasema. "Zamani kabla ya binadamu, mvua ilikula milima, mito ikabeba unga wake ikaumwaga baharini. Mandera ilikuwa bahari."

"Mandera bahari! Na sisi tukaletwa maji yalipokwisha."

"Ndiyo bahati yetu. Sasa lile tope likatulia chini, likagandamizwa, likawa mwamba. Mimi nataka kujua lilitoka mlima gani. Vitu vingine mvua huviondoa upesi, kama chumvi, hivyo sivifuati. Vingine ni vikaidi, haviyeyuki, vilitoka mlimani na tope na viko nalo hadi leo. Mlima wa matale, yale mawe magumu ya chembechembe, hutoa tope lenye madini ya thori kwa wingi. Mlima wa mawe meusi ya volkeno hutoa tope lenye kromi na nikeli. Halafu napitisha unga wake kwenye eksirei nione ni udongo wa aina gani. Nchi ya joto na mvua nyingi hutengeneza kaolini, ule udongo mweupe, nchi kavu ina udongo wake."

"Kwa hiyo unaliuliza jiwe baba yake nani."

"Na babu yake. Tena jiwe ni afadhali kuliko sisi, halijiongezei mababu."

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Kisha akawa makini. Alisema ana mawe ya El Gudud kwenye maabara, aliyatoa mwenyewe juu na chini ya kisima, mekundu na ya kijani, na ana ya sehemu nyingi nyingine kuelekea Mto Daua. Anaweza kulinganisha. "Lakini sikiliza, Ayeyo. Ninaweza kukuambia kwamba hili halikutoka El Gudud. Au nikuambie linafanana na la El Gudud. Kaburi siwezi kukuapia. Na lazima nisage kipande."

"Kikubwa?"

"Kama ncha ya kidole."

Kinoo kimeliwa na visu miaka hii yote, na hapo sikuwahi kujali. Lakini nilipoishika nyundo ya Bilan nikigonge makusudi, mkono ulikataa. Bilan akanyoosha mkono apokee nyundo.

"Toka," nikamwambia. "Baba aligonga mwenyewe. Mimi nagonga mwenyewe."

Nikagonga. Kipande kiliruka mpaka chini ya kabati, tukapiga magoti wote wawili kukitafuta.

"Na kikifanana na cha El Gudud?" Bilan akaniuliza tukiwa bado chini. "Utafanya nini?"

"Nitakwenda barazani nilie kama mtoto mdogo. Unadhani sitaki awe amepatikana?"

Idi ikapita. Bilan hakunipigia, alirudi mwenyewe kutoka Nairobi, na nilipoona amekaa bila kuvua viatu nilijua.

"Mawe ya El Gudud, mekundu na ya kijani, yote ni ndugu," akasema. "Tope lake lilitoka kwenye matale. Thori nyingi, kaolini nyingi. Ya kijani yamepoteza wekundu tu, ukoo ni ule ule. Kinoo chako si ukoo wao. Kina kromi na nikeli kupita kiasi, na kaolini karibu hamna. Hilo tope ni la mawe meusi."

"Mikono ya watu je? Mafuta, visu, jasho la miaka yote hii?"

"Ndiyo maana nilichukua kipande cha ndani. Na visu vyako vya chuma haviwezi kubadilisha aina ya udongo. Nilirudia, Ayeyo. Nilitaka nikuletee habari nyingine."

"Na tope la mawe meusi liko wapi?"

"Katika mawe yangu yote, linalofanana nalo ni la safu moja tu ya vilima. Bur Libah, njia ya kwenda Daua. Pengine na mahali ambapo sijafika. Na atakayekupinga atasema baba yako alibeba jiwe kutoka huko mpaka El Gudud."

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Mwaka ule ngamia walikuwa wanaanguka na mzigo mgongoni. Tuliacha njiani kinu, tukaacha miti ya kujengea aqal, ile nyumba yetu ya kubeba. Mtu aliyeacha nyumba yake angebeba jiwe?

Nilimwambia Abdinoor kabla ya baraza. Sikutaka kumvizia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu zote mbili chini.

"Eddo, kinoo. Unataka kutupotezea ardhi kwa kinoo."

"Nataka kusema kweli."

"Mimi nilikula nyama pale!" Sauti yake ikapasuka, na niliona hasemi uongo. "Kila mwaka baba alichinja pale. Alisema, hii ni ya bibi yenu, ombeni. Nilikuwa mtoto, nimeshika mguu wa mbuzi. Unaniambia baba alikuwa mwongo?"

Hapo nikaelewa kosa lilipozaliwa, na nikaelewa pia kwamba hakuna aliyelifanya kwa ubaya. Kaka yangu, kama mimi, hakujua kaburi liko wapi. Yeye alikuwa mdogo kuliko mimi, amebebwa mgongoni siku ile. Lakini sisi kila mwaka tunawachinjia wafu wetu, ndiyo siyaro, na siyaro unaweza kuifanya popote ulipo na mifugo yako. Mifugo yake ilikuwa El Gudud. Pale palikuwa na kaburi la zamani lisilo na mwenyewe, akaona ni adabu kuombea hapo. Watoto wakaona moshi, nyama na rundo la mawe. Wakajiunganishia wenyewe.

"Baba yako alisema ni mbuzi wa bibi yenu," nikamwambia Abdinoor. "Alisema ni kaburi la bibi yenu?"

Aliokota simu zake, moja baada ya nyingine. "Usije barazani," akasema. "Nakuomba. Nitasema unaumwa."

"Naja."

"Wanawake hawasemi mbele ya—"

"Mlinitaka nikaseme. Sasa nasema."

Baraza lilifanyika El Gudud, chini ya hema la turubai, na afisa aliyekuja kusikiliza alikuwa mtu wa Machakos, kwa hiyo ikabidi Kiswahili. Abdinoor alianza. Alizungumza vizuri, hata mimi nilimwonea fahari. Alieleza kisima, malisho, kaburi la bibi yake. Mzee Olow, amekaa upande wa pili na henna mpya kwenye ndevu, alikuwa anatikisa kichwa kila neno.

"Bibi yako!" akasema. "Hii kaburi iko hapa kabla bibi yako azaliwe."

"Bole bole, Mzee, kila mtu atapata nafasi," mtu akamtania kwa sauti ya Olow mwenyewe, watu wakacheka.

Afisa akauliza, "Mtoto wa marehemu yuko?"

Abdinoor hakuniangalia. Nikasimama, uso wazi.

"Mimi ni Weris. Mama yangu hayuko hapa."

Hema likawa kama mzinga uliopigwa teke. Nilingoja. Nilipopata nafasi nilitoa kinoo nikakiweka mezani kwa afisa, nikaeleza kilivyokatwa na alichopima Bilan, naye Bilan, aliyefika kutoka Nairobi, akasimama akajibu maswali. Afisa alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Bilan akasema ana hakika jiwe hili si la mwamba wa hapa, na zaidi ya hapo hasemi.

"Mawe hubebwa," mzee mmoja wa kwetu akasema.

"Na nani? Wewe ulikuwepo?" nikamjibu. "Mimi nilikuwepo. Tuliacha kinu njiani. Nilitembea miguu mitupu kwa sababu ngamia wa kunibeba alikuwa ameliwa na fisi akiwa bado anapumua. Sema tena mawe hubebwa."

Mzee Olow alikuwa ameshainuka, mikono juu. "Afisa umesikia! Hii mama nasema kweli. Basi iko nyanya yetu! Kaburi ni yetu!"

"Mzee Olow," nikasema, "wewe una kinoo?"

"Kinoo gani?"

"Chochote. Jiwe, neno la baba yako, jina la aliyelala humu. Jana ulikuwa na nyanya hapa?"

Watu wake wenyewe ndio walioanza kucheka. Akakaa, ndevu zikatetemeka. "Mwanamke ana ulimi kama mundu," akasema.

"Nanoa kila siku."

Afisa alifuta jasho. "Mama, kama si wenu na si wao, huyu ni wa nani?"

"Sijui. Na nyinyi hamjui. Mtu msiyemjua mnamfukua vipi, mkamwandike jina gani? Mwacheni. Atakayemgusa nitakuja kukaa juu ya hayo mawe, mnihamishe mimi na yeye pamoja."

Sikupanga kusema hivyo. Lakini nilipokwisha kusema niliona nimemaanisha. Afisa akatoa amri kaburi lisiguswe na kampuni isisogee upande ule, na ya eneo yatazungumzwa kwa njia nyingine. Pande zote mbili zilitoka zimenuna. Abdinoor alinipita karibu na gari lake.

"Umetumaliza, Eddo," akasema. Hakunipa nafasi kwenye gari. Nilirudi kwa lori la mbuzi, na nilikuwa nimeshazoea.

Msimu wa mvua ulipokwisha Bilan akanichukua mpaka Bur Libah. Ni safu ndefu, chini yake mawe meusi yenye ukijani yanachomoza kwenye korongo, bapa, yanamenyuka kwa mkono. Nililowesha moja kwa mate nikanusa. Vumbi na mvua ya kwanza. Nikakaa hapo hapo chini.

Makaburi yapo. Si moja. Marundo ya mawe yametawanyika mteremko mzima, mengine yamezama, mengine yana mti uliootea katikati. Watu wengi walikufa mwaka ule, na miaka mingine.

Bilan alizunguka kwenye marundo, kisha akasema kwa upole, "Ayeyo, chagua moja. Lililo karibu na njia ya zamani. Nani atakukatalia?"

"Mimi," nikasema. "Mimi nitakataa."

Alikuwa ameleta mbuzi. Nilikuwa namfunga miguu simu ilipolia, mtandao wa ng'ambo ya mpaka, sauti inakuja na kwenda. Abdinoor. Hatukuwa tumesemezana tangu baraza.

"Umempata?"

"Nimepata mlima wake. Yuko hapa kati ya wenzake. Ni yupi, sijui."

Upepo ukavuma kwenye simu, nikadhani laini imekatika.

"Na yule wa El Gudud," akasema. "Ni nani sasa? Niko hapa. Nimesimama mbele yake kama mpumbavu. Sijui hata nimwombee kwa jina gani."

"Umekula mbuzi wake utoto wako wote," nikamwambia. "Jina la nini? Mchinjie."

"Eddo, wewe ni mtu mgumu."

"Mchinjie, Abdinoor. Na uweke boma la miiba, fisi wasimfukue."

Akakata simu bila kuaga. Nikalowesha kinoo, nikanoa kisu pande zote mbili, nikamgeuza mbuzi kuelekea Kibla. Mama nilimtaja kwa jina, na wale wengine nikawataja bila jina, mteremko mzima, kuanzia juu.